Shaba na Hesabu ya Elektroni

Kwetu Kongo, shaba hutajwa zaidi kama mali ya migodi: huchimbwa Katanga, hupimwa kwa tani, kisha husafirishwa. Wanakemia wanaijua kwa sifa nyingine. Kipande chake kidogo kikiwekwa ndani ya maji yenye kaboni dioksidi na kupitishiwa umeme, huweza kuigeuza gesi hiyo kuwa ethanoli, alkoholi itumikayo kama mafuta na malighafi ya viwanda. Insha hii inadai kwamba ugunduzi huo ulitokana na uangalifu wa kupima kabla ya ustadi wa kubuni.

Jaribio lenyewe ni la zamani. Mwaka 1870, Royer aliripoti nchini Ufaransa kwamba umeme unaweza kugeuza kaboni dioksidi kuwa asidi fomiki. Kwa muda mrefu watafiti walijishughulisha hasa na asidi hiyo.

Mwaka 1985, Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walijaribu metali mbalimbali wakipima vimiminika na gesi pia. Kanuni yao ilikuwa rahisi: kiasi cha umeme kilichoingia kinajulikana, hivyo mazao yote yakijumlishwa sharti yalingane nacho. Hesabu isipotimia, kuna zao ambalo halijaonekana. Hapo shaba ikajitenga na wenzake. Bati na risasi zilitoa hasa asidi fomiki. Dhahabu na fedha, kaboni monoksidi. Shaba ilitoa methani. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hutoa pia ethilini na ethanoli.

Hata hivyo, maabara nyingine ziliona shaba ikichoka upesi. Hori alieleza sababu: chembe chache mno za chuma au zinki zilizomo kwenye mmumunyo hujibandika juu ya shaba na kuizima. Dawa ilikuwa kuusafisha mmumunyo kwa umeme kabla ya jaribio.

Kubuni vichocheo kulifuata baadaye. Hori alikwisha kuonyesha kwamba kaboni monoksidi ni kituo cha njiani. Mwaka 2014, Matthew Kanan na wenzake wa Stanford wakaanzia hapo: waliifanya shaba kuwa oksidi, wakairudisha kuwa metali, na uso wake mpya ukageuza kaboni monoksidi kuwa ethanoli kwa nguvu ndogo ya umeme.

Kazi haijaisha. Kutoka kaboni dioksidi, molekuli moja ya ethanoli hudai elektroni 12, na sehemu ya umeme hupotea kwa kutoa haidrojeni kutoka kwenye maji. Tena umeme wenyewe ukitokana na makaa ya mawe, gesi inayozalishwa yaweza kuzidi inayotumika.

Kwa vyuo vya nchi inayouza shaba, historia hii ina funzo. Hatua ya kwanza haikudai metali adimu. Ilidai mmumunyo safi, vipimo vya kuaminika, na watafiti wasioridhika mpaka hesabu itimie.