Mabinti wa Ziwa na Kikapu cha Mbali

Tarehe 24 Machi 2025, jijini Los Angeles, Madina Okot aliondoka uwanjani akiwa upande wa walioshindwa. Mississippi State, timu yake ya chuo, ilikuwa imelimwa 96–59 na wenyeji University of Southern California, na mashindano ya kitaifa ya wanawake yakawa yamemwishia hapo. Novemba 15 mwaka huohuo alirejea katika jiji lilelile kukabiliana na chuo kilekile, safari hii akiwa ndani ya jezi ya South Carolina. Mechi ilipokwisha, ubao ulisoma 69–52, na furaha ilikuwa upande wake.

South Carolina ni jina zito katika kikapu cha wanawake. Chini ya kocha Dawn Staley imetwaa ubingwa wa kitaifa mwaka 2017, 2022 na 2024, na mwaka huo wa 2024 ilimaliza msimu bila kushindwa hata mara moja, mechi 38 kwa 38. Msimu wa 2025–26 ulipofunguliwa, wengi waliitazama kwa wasiwasi. Wachezaji wawili wa chini ya kikapu, Chloe Kitts na Ashlyn Watkins, hawakuwapo, na nafasi ya katikati ilihitaji mtu. Okot, Mkenya mwenye urefu wa karibu mita mbili, ndiye aliyesimama pale. Timu ilishinda mechi zake zote hadi mwishoni mwa Novemba, ilipopigwa na Texas 66–64 mjini Las Vegas, mechi iliyoamuliwa katika sekunde za mwisho kabisa.

Kwa wapenzi wa mchezo huu hapa Kisumu, Novemba hiyo haikuwa habari ya ng'ambo tu. Okot ni wa Mumias. Ni kweli mji huo hauko ufukweni. Uko Kakamega, kwenye mashamba ya miwa. Lakini Mto Nzoia unaopita kando yake humwaga maji yake katika ziwa letu, na kuanzia Mumias hadi Butere, Maseno, Bondo na Homa Bay, shule zimekuwa zikikutana viwanjani kwa miaka mingi. Ukanda huu wote ni shamba moja la wanamichezo. Ninachotaka kueleza ni kwa nini mavuno yake huliwa mbali, na jambo hilo lina historia ndefu kuliko umri wa binti yeyote anayecheza leo.

James Naismith alibuni mpira wa kikapu mjini Springfield, Massachusetts, Desemba 1891. Haukupita hata mwaka mmoja kabla Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha wanawake cha Smith, kuwafundisha wanafunzi wake. Kwa hiyo wanawake wa vyuo hawakuukuta mchezo huu ukiwa mzee, walikua nao. Mwaka 1896 Stanford na California zilicheza mechi ya wanawake kati ya chuo na chuo, na Stanford ikashinda kwa 2–1. Wanaume hawakuruhusiwa kutazama.

Hata hivyo Berenson aliogopa kwamba mbio na kusukumana vingewadhuru wasichana, au vingewafanya waonekane hawana adabu. Akaugawa uwanja vipande vitatu, kila mchezaji akafungiwa kipande chake. Kanuni za namna hiyo zilikaa muda mrefu ajabu. Katika jimbo la Iowa, wasichana wa shule za upili waliendelea kucheza sita kwa sita, walinzi nusu hii na wafungaji nusu ile, hadi mwaka 1993.

Waingereza nao waliuchukua mchezo huohuo mwishoni mwa karne ya 19, wakauondoa ubao, wakakataza kudunda, wakampa kila mchezaji eneo lake asilotoka, na mwaka 1901 kanuni zikachapishwa. Hiyo ndiyo netiboli, mpira wa pete. Popote bendera ya Uingereza ilipopepea, msichana wa shule alipewa netiboli.

Hapa ndipo historia inapomgusa msichana wa Nyanza. Maseno School ilianzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906 kwa ajili ya wavulana. Shule za wasichana kama Butere na Ng'iya zilifuata katika miaka iliyokuja. Elimu iliyokuja na shule hizo ilikuwa ya Kiingereza, michezo yake pia. Netiboli inahitaji nguzo mbili na uwanja wa udongo uliofagiliwa. Kikapu kinahitaji ubao, pete imara na sakafu ngumu, kwa sababu mpira haudundi sawasawa kwenye matope ya msimu wa mvua. Shule yenye fedha kidogo ilichagua ile ya kwanza, na nani angeilaumu? Hadi leo mtoto wa kike wa darasa la sita kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuijua netiboli kuliko kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Akikutana na kikapu kwa mara ya kwanza katika shule ya sekondari, anaanza akiwa na miaka kumi na minne au zaidi, huku mwenzake wa Marekani akiwa ameanza na sita. Okot mwenyewe alichelewa kuanza, akiwa tayari msichana wa sekondari. Ukijua hilo, zile takwimu zake za msimu wa kwanza Mississippi State, wastani wa pointi 11.3 na ribaundi 9.6 kwa mechi, zinakuwa kitu kingine kabisa.

Njia ya kutoka ziwani hadi chuo cha Marekani haikufunguliwa na mpira. Ilifunguliwa na vitabu. Septemba 1959 ndege iliyojaa wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani, mpango uliosukumwa na Tom Mboya, kijana ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga. Makerere ilikuwa na nafasi chache, na Nairobi kulikuwa na chuo cha ufundi tu. Mboya akaona kwamba uhuru ungekuja bila watu wa kuendesha ofisi. Miongoni mwa waliosafiri alikuwamo Pamela Odede, binti wa Walter Odede wa Siaya, aliyekwenda kusoma katika chuo cha wanawake huko Ohio na baadaye akaolewa na Mboya. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alielekea Kansas.

Mabinti wa kizazi hicho walipewa nafasi kwa alama za darasani. Hakuna chuo cha Marekani ambacho kingemsafirisha msichana mwaka 1960 kwa sababu anajua kuruka. Kilichobadilisha hali ni sheria ya mwaka 1972, Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali ya Marekani. Vyuo vililazimika kuwapa wanawake timu, makocha na ufadhili wa masomo. Mashindano ya kitaifa ya wanawake chini ya NCAA yalianza mwaka 1982, na fedha zikafuata, na baada ya fedha wakaja makocha wanaotafuta vipaji hadi Afrika. Felmas Koranga alipitia njia hiyo, akachezea Troy kule Alabama na kuitwa katika kikosi cha taifa. Okot akafuata.

Kenya haikuwa imelala wakati huo wote, na hili husahaulika sana. Juni 1994 timu ya taifa ya wanawake ilicheza mashindano ya dunia nchini Australia, mashindano ambayo Brazil ilitwaa kwa kuilaza China 96–87 kwenye fainali. Kenya ilimaliza ya 16, ya mwisho. Nimewahi kusikia watu wakilitaja tokeo hilo kwa aibu, na sikubaliani nao hata kidogo. Timu kumi na sita tu ndizo zilizokuwa pale kutoka dunia nzima, na wasichana wa Iowa walikuwa wameruhusiwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo kukimbia uwanja mzima. Mwaka 1997 Nairobi iliandaa mashindano ya Afrika ya wanawake. Kisha, Julai 2021 mjini Kigali, vipusa wa kocha George Mayienga waliiduwaza Misri 99–83 katika fainali ya Kanda ya Tano na kukata tiketi ya AfroBasket mjini Yaoundé.

Wachezaji wa aina hiyo hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka katika michezo ya shule za upili ya muhula wa kwanza, ile ambayo kila mwanzo wa mwaka hujaza mabasi ya shule kwenye barabara za magharibi. Tigoi Girls ya Vihiga na Butere Girls ya Kakamega ni majina yanayotisha. Butere ndiyo shule ileile iliyozungumzwa nchi nzima Aprili 2025 kwa sababu ya mchezo wa kuigiza. Mashabiki wa kikapu walikuwa wakiijua zamani kwa sababu nyingine. Agosti mwaka huohuo Kakamega ilikuwa mwenyeji wa michezo ya shule za Afrika Mashariki, na mashabiki wa Kisumu hawakuhitaji pasipoti kuwaona Waganda na Wanyarwanda.

Lakini angalia safari ya Okot mwenyewe. Kutoka Mumias hakwenda Tigoi wala Butere. Alisoma Kaya Tiwi, shule ya Kwale, pwani kabisa, iliyojijengea sifa ya kukusanya wasichana warefu kutoka pembe zote za nchi na kuwageuza mabingwa. Kutoka huko alichukuliwa na Zetech, chuo kikuu cha Ruiru ambacho timu yake ya wanawake, Sparks, hucheza ligi kuu dhidi ya KPA, timu ya bandari, na ile ya benki ya Equity. Ndipo Wamarekani walipomwona. Shule ya sekondari Kwale, chuo Kiambu, kisha Mississippi: hakuna kituo hata kimoja cha safari hiyo kilichokuwa karibu na ziwa.

Vyuo vikuu tunavyo. Maseno, iliyoundwa kwa kuunganisha chuo cha walimu cha Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali, ilipata kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2001. Kutoka kwake kilizaliwa chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, na kile cha Tom Mboya huko Homa Bay. Vyote vina wanafunzi wa kike wanaocheza, na vyote hushiriki michezo ya vyuo vikuu. Ila michezo hiyo ni ya siku chache. Mchezaji hukomaa kwenye ligi, kwa mechi za kila wikendi dhidi ya wanawake wenye nguvu kumzidi. Ukitaja vyuo vinavyotambulika katika ligi kuu ya wanawake, yaani USIU, Strathmore na Zetech, unabaki Nairobi na viunga vyake. Waganda wametupita hapa. UCU ya Mukono, chuo cha Kikristo kisicho mbali na ufuko wa upande wa pili wa ziwa hilihili, imewahi kuwa bingwa wa nchi mara kadhaa ikipambana na klabu za miji na kampuni.

Wapo wanaosema msichana wa Nyanza aende tu Kwale, Ruiru na Marekani, mradi afike. Nawaelewa, mzazi anayeona karo ikilipwa hawezi kukataa, wala hapaswi. Ila anayefika ni mmoja. Wenzake wa mstari wa kwanza, wale waliokuwa wakimpasia mpira katika kidato cha tatu, humaliza shule, hujiunga na Maseno au Bondo kwa alama zao, na kikapu chao huishia kwenye michezo ya siku nne kwa mwaka. Kwao ufadhili wa masomo kwa ajili ya mchezo, hata wa nusu karo, ungebadilisha mengi. Na kocha anayelipwa mshahara, badala ya mhadhiri anayejitolea jioni, angebadilisha zaidi. Mambo hayo mawili hayahitaji kusubiri uwanja wa kifahari.

Ligi ya vyuo Marekani huanza Novemba, mwezi ambao watahiniwa wetu wa kidato cha nne huwa katikati ya KCSE. Matokeo yakitoka, makocha wa Ruiru na Nairobi huwa wameshawapigia simu wazazi wa mabinti wanaowataka. Maseno, Bondo na Homa Bay zinaweza kupiga simu hizo pia, na namba wanazo, kwa sababu wengi wa mabinti hao wanaishi umbali wa nauli ya matatu moja.