Njia, Ruti na Safari

Neno njia limebebeshwa mengi. Ni barabara, ni mbinu, ni namna ya kuishi. Hisabati ya mitandao imeliongezea jingine: mfululizo wa vituo vilivyoungana, kimoja baada ya kingine. Wanahisabati huuita mtandao wa namna hiyo grafu, ila kwa aliyepita shule zetu grafu ni mchoro wenye mhimili wa x na y. Mtandao ni neno salama zaidi.

Tuchukue daladala za Dar es Salaam. Ruti ni ile aliyopewa mwenye gari kwa leseni, imeandikwa kwenye bodi. Njia ni mlolongo wa vituo. Safari ni abiria mmoja kuipita njia hiyo mara moja. Watu mia wakitoka Mwenge kwenda Kariakoo kupitia Ubungo, njia ni moja, safari ni mia. Mtakwimu akizichanganya, atahesabu ramani akidhani anahesabu abiria.

Wastani nao una mtego. Tuseme badala yake nusu ya abiria hao wamepitia Ubungo na nusu Morocco. Ukitafuta wastani wa njia hizo utaangukia Sinza au Tandale, vyumbani mwa watu. Ndiyo maana watakwimu huteua, miongoni mwa safari zilizofanyika kweli, ile ambayo jumla ya tofauti zake na nyingine zote ni ndogo kuliko ya nyingine yoyote. Jina linaloifaa ni safari ya kati.

Katika kuchora safari, Mfaransa Charles Joseph Minard alitoa mfano maarufu mwaka 1869. Jeshi la Napoleon lililovamia Urusi mwaka 1812 alilichora kama mkanda, milimita moja ya unene kwa askari 10,000. Mkanda unaanza na askari 422,000 na kurudi na 10,000. Unene hueleza wangapi wamepita, si zaidi ya hapo. Turudi kwenye daladala: pale Ubungo hukutana abiria wa Kimara na wa Mwenge, kisha wengine hushika Kariakoo, wengine Buguruni. Ukihesabu kila kipande peke yake, hutajua waliotoka Kimara wameishia wapi. Habari hiyo imo ndani ya safari nzima.

Kwa hiyo anayeandika takwimu za usafiri kwa Kiswahili aseme wazi amehesabu nini: vipande, njia au safari. Ramani isiyosema hivyo isitumiwe kupanga mabasi.