Kompyuta ya watu wengi na mafaili yasiyo na mwenyewe

Tarehe 9 Agosti 2025 Debian ilitoa toleo lake la 13. Debian ni mfumo endeshi wa bure unaoendesha seva nyingi duniani, na safari hii umekuja na amri iliyowagombanisha watengenezaji wake tangu Mei 2024. Faili lililowekwa kwenye folda ya muda, ile iitwayo /tmp, lisipoguswa kwa siku 10 litafutwa lenyewe. Kwenye folda ya pili, /var/tmp, muda wake ni siku 30. Zaidi ya hapo, /tmp sasa inakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya diski, kwa hiyo ukizima mashine kila kilichokuwamo kinapotea.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Kuna watu walizoea kuacha kazi zao humo miezi mizima, na kuna hesabu za kisayansi zinazochukua wiki nyingi kukamilika. Mwishowe wakakubaliana kwamba ufagiaji wa kila mara uanze kwenye kompyuta zinazofungiwa Debian upya, na zile zinazopandishwa kutoka toleo la zamani ziachwe na utaratibu wake.

Msomaji wa Janga au Mlandizi, hapa Tanzania, ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana, kwa sababu huku kompyuta ni ya kuchangia. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, au anayejaza fomu za Sekretarieti ya Ajira, hufanya hivyo kwenye duka la stesheneri. Cheti cha kuzaliwa kinaskaniwa, cheti cha kidato cha nne kinaskaniwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) inaandikwa, anaprinti, analipa, anaondoka. Mafaili yanabaki.

Historia ya mafaili ya namna hiyo ilianza mara tu kompyuta moja ilipotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo uitwao CTSS. Kila mtumiaji alikaa kwenye mtambo wake wa kuchapia, na mashine moja kubwa ikawahudumia wote kwa zamu za haraka kiasi kwamba kila mmoja alijiona yuko peke yake.

Programu ya kuhariri maandishi katika CTSS ilikuwa na tabia moja. Ukifungua faili, inatengeneza nakala ya muda, na nakala hiyo ina jina lile lile siku zote. Walioiandika hawakuona tatizo. Kila mtu ana folda yake, na mtu mmoja hawezi kuhariri mafaili mawili kwa mpigo, basi nakala mbili zitakutana wapi? Baadaye wasimamizi wa mfumo wakaongezeka, na kwa kurahisisha kazi wakawa wanatumia folda moja. Dhana ya mwanzo ikafa, na hakuna aliyekumbuka kurekebisha programu.

Siku moja, katikati ya miaka ya 1960, msimamizi mmoja alikuwa anaandika ujumbe wa siku, ule unaomtokea kila anayeingia kwenye mfumo. Wakati huo huo mwenzake alikuwa anahariri faili la paswadi. Nakala zao za muda zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia akapokea, badala ya salamu, orodha nzima ya paswadi za watumiaji wote, ikichapwa mbele yake kwenye karatasi. Tom Van Vleck, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mfumo huo, ameandika kwamba mtumiaji mmoja aliyeona hatari aliuangusha mfumo kwa makusudi ili usiendelee kumwaga siri. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Van Vleck akabaki kazini saa kadhaa akibadilisha paswadi za watu.

Kisa hicho kinastahili kufundishwa katika kila chuo chetu cha kompyuta. Hapakuwa na mwizi wala mdukuzi. Palikuwa na faili la muda, na watu wawili waliokaa chini ya jina moja.

Mfumo endeshi wa Unix ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970 na /tmp yake iliyo wazi kwa wote. Mwaka 1986 toleo lake liitwalo BSD 4.3 likaweka kufuli la kumzuia mtumiaji asifute faili la mwenzake humo. Kufagia kukaachiwa programu ndogo zinazoamka usiku.

Nazo programu hizo zinaweza kuleta maafa. Katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kufuta kumbukumbu za mfumo zilizozidi siku 10 ilibadilishwa ikiwa bado inafanya kazi. Ikasoma nusu ya maagizo ya zamani na nusu ya mapya, ikakosa jina la folda iliyotakiwa kusafishwa, ikaingia kwenye mafaili ya watafiti. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021 ilifuta mafaili kama milioni 34, terabaiti 77, ya vikundi 14. Vikundi 4 havikuweza kurudishiwa kazi zao.

Kwetu kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku yalipolegea, wananchi wengi waliikuta kompyuta kwa njia ya kuchangia, kwenye intaneti kafe na sasa kwenye stesheneri.

Kompyuta nyingi za madukani zinatumia Windows, ambayo tangu 2017 ina kifagio chake cha mafaili ya muda, lakini folda ya Downloads haiguswi mpaka mwenye mashine aamuru. Ukiifungua kwenye kompyuta ya stesheneri utakuta majina kama "cheti", "cheti mpya", "cheti mpya (2)", ya watu wasiojuana, wote chini ya akaunti moja ya dukani. Ni kosa lile lile la CTSS, miaka sitini baadaye, na safari hii kilicho wazi ni vyeti na namba za vitambulisho vya watoto wetu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Kwa stesheneri, kazi hiyo huisha mteja anapopokea karatasi zake. Akaunti ya pili kwa ajili ya wateja, yenye folda zinazofutwa kila jioni kabla ya kufunga duka, haigharimu hata shilingi, na fundi yeyote wa Mlandizi anaweza kuiweka kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa tena.