Boliti za Ekzosi na Historia ya Kuzifungua

Boliti zinazofunga ekzosi hushikwa na kutu mapema kuliko karibu boliti nyingine zote za gari. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji, nayo hutoka kama mvuke. Safari zikiwa fupi, bomba halipati moto wa kutosha kuyakausha, na maji yenye asidi hutuama humo. Kwenye manifoldi, yaani sehemu ya ekzosi inayopokea moshi kutoka kwenye injini, moshi hupita ukiwa na joto la nyuzi 700 na zaidi, joto linalounguza grisi yoyote ya kawaida na kuacha chuma kitupu. Kutu nayo huvimba, ikachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Kwa kuwa kati ya meno ya boliti na meno ya nati hamna pa kuvimbia, hujikaza humo kama kabari.

Taabu hii ni kongwe kuliko gari. Mafundi wa injini za mvuke wa karne ya 19 waliikabili kwa moto wa mkaa, nyundo, tindo na mafuta ya taa. Ila boliti ikikatika ilikuwa hasara, maana kila karakana ilichonga meno kwa kipimo chake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha meno, chenye pembe ya nyuzi 55. William Sellers wa Philadelphia akatoa chake cha nyuzi 60 mwaka 1864. Vipimo hivyo havikumfungulia mtu boliti hata moja, lakini vilimwezesha fundi kuikata iliyomshinda na kuweka mpya ya dukani. Uhuru huo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, na kazi yote ya leo ya ekzosi imejengwa juu yake.

Hatua iliyofuata ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1903 Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard walitengeneza kichomeo cha oksijeni na asetilini, ambacho mwali wake unapita nyuzi 3,000. Kwa mwali huo fundi aliweza kuipasha nati moja hadi ikawa nyekundu kabla boliti iliyo ndani haijapata joto sawa na hilo. Tundu la nati la milimita 10, likipashwa kwa nyuzi 600, hupanuka kwa karibu sehemu 7 kati ya 100 za milimita moja. Inaonekana kidogo, lakini inatosha kuvunja kutu kwenye meno. Kupoa nako kuna faida yake, kwani kutu hupasuka chuma kinaponywea. Mafundi wengi hugusisha nta ya mshumaa kwenye nati iliyo moto, nayo ikiyeyuka hunywewa hadi ndani ya meno. Hatari ya njia hii ni bomba la mafuta au tangi lililo jirani, ndiyo maana kuyakinga au kuyaondoa ni kazi ya kwanza kabla ya kuwasha gesi.

Nati zilizoliwa pembe zilipata dawa yake mwaka 1924, William Petersen, mhunzi wa Nebraska mwenye asili ya Denmark, alipopata hataza ya koleo linalojifunga lenyewe, lijulikanalo kama Vise-Grip.

Kilichoigeuza kero kuwa janga ni chumvi. Katika majira ya baridi ya 1941 hadi 1942, New Hampshire lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuifanya chumvi kuwa njia yake ya kawaida ya kuyeyusha barafu barabarani. Nchi nzima ilimwaga takriban tani 5,000 msimu ule. Siku hizi humwaga zaidi ya tani milioni 10 kwa mwaka. Mafuta ya kupuliza yalienea katika miongo iliyofuata. WD-40, iliyobuniwa San Diego mwaka 1953, ilikusudiwa kufukuza maji kwenye ngozi ya kombora la Atlas, na iliingia madukani mwaka 1958. Kwa boliti iliyoganda hasa, mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa kupenya hufaa zaidi, tena yakipewa usiku mzima.

Sheria za hewa safi za Marekani zilileta vigeuzi vya kusafisha moshi (catalytic converter) kwenye magari ya mwaka 1975, na pamoja navyo mabomba ya chuma cha pua. Bomba likadumu, boliti zikaendelea kuoza.

Afrika Mashariki haina barafu barabarani, lakini hupokea chumvi ya wengine. Japani ilipitisha mwaka 1990 sheria ya kuzuia matairi yenye misumari kwa sababu ya vumbi lake, na chumvi ikaongezeka kwenye barabara za kaskazini. Gari lililotumika Hokkaido huweza kushushwa Mombasa au Dar es Salaam likiwa na kutu tayari, kisha upepo wa bahari ukaiendeleza.

Stadi, yaani boliti isiyo na kichwa, ikikatikia ndani ya injini, kutoboa kwa keekee huwa njia ya mwisho. Njia bora ni kuchomelea nati mpya juu ya kisiki: umeme wa kuchomelea hukipasha chuma kutoka katikati, na nati hiyo humpa fundi mahali pa kutia spana. Stadi mpya hupakwa grisi ya shaba, isiyoungua upesi, na hufungwa kwa nati ya shaba, ambayo haishiki kutu.