Ratiba ya sindano za Bosi, na mtoto wa Alsace wa mwaka 1885

Najua nimeadimika. Kazi ya habari inabana, na zaidi ya hapo nyumbani nimepata mgeni. Ana miguu minne, ana wiki 9, na anaitwa Bosi. Nilipewa na mlinzi wa nyumba ya tatu baada ya mbwa wake kuzaa watoto sita. Jina alipewa na mpwa wangu wa miaka 6, ninayeishi naye hapa Kimara. Anasema mbwa huyu anakula, analala, na hakuna anayemuuliza kitu, kwa hiyo ni bosi.

Kasheshe ilianza tulipofika kwenye chanjo. Mzee jirani yangu aliniambia, "Kijana, mbwa ni sindano moja tu, ile ya kichaa. Hizo nyingine ni za mbwa wa Wazungu." Kliniki ya kwanza niliyokwenda wakasema sindano mbili za mchanganyiko, moja leo na nyingine baada ya wiki tatu, nyongeza ya kichaa, kisha kila kitu kirudiwe kila mwaka. Rafiki yangu aliyesomea udaktari wa mifugo pale SUA, Morogoro, akasema hapana, mchanganyiko lazima ufike wiki 16, halafu usiurudie ovyo kila mwaka. Watu watatu, ratiba tatu, mshahara mmoja wa ripota.

Mwandishi akichanganyikiwa hukimbilia maktaba. Nami nikaanza kuuliza: hizi ratiba zilitoka wapi?

Kabla ya historia ya vitabu, niseme ya kwangu. Nikiwa darasa la tatu, kijijini kwa bibi mkoani Mara, rafiki yangu aling'atwa na mbwa mdogo tuliyekuwa tukicheza naye. Kidonda kilikuwa kidogo sana. Alikificha akiogopa kuchapwa. Wiki kadhaa baadaye alianza kuogopa kikombe cha maji. Hakufika mwisho wa wiki ile. Sikuruhusiwa kumwona, lakini nilisikia sauti yake kutoka barabarani, na bado naikumbuka. Kwa hiyo jirani anaponiambia chanjo ni mambo ya Wazungu, namheshimu kwa umri wake, ila siwezi kukubali.

Tuingie kwenye historia. Tarehe 6 Julai 1885, mama mmoja kutoka Alsace alifika Paris na mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa vibaya na mbwa siku mbili kabla. Alimwendea Louis Pasteur, ambaye hakuwa daktari bali mkemia, hivyo sindano zilichomwa na daktari Grancher. Chanjo yenyewe ilitoka kwenye uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, uliokaushwa hadi virusi vikapoteza makali. Walianza na uti uliokauka kwa takribani wiki mbili, wakasogea polepole kuelekea ule wenye makali. Sindano 13 kwa siku kama 10. Mtoto akapona. Hapo duniani ilizaliwa ratiba ya kwanza ya chanjo ya kichaa: dhaifu kwanza, kali baadaye.

Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya Meister, Pasteur alikuwa ameijaribu kwa mbwa. Lakini nani angeweza kumchoma kila mbwa wa mtaani sindano nyingi namna ile? Kwa miongo kadhaa, chanjo ikabaki ya binadamu aliyekwisha kung'atwa. Mwaka 1911, David Semple aliyekuwa India alitangaza chanjo iliyotengenezwa kwa ubongo wa mnyama na kuuliwa virusi kwa dawa ya fenoli. Hiyo ndiyo asili ya zile hadithi za wazee za sindano nyingi za tumboni. Iliokoa watu, ila baadhi yao iliwaachia madhara ya mishipa ya fahamu.

Uingereza yenyewe ilimaliza kichaa mwaka 1902 bila kuchanja mbwa hata mmoja. Walitumia vizuia mdomo, kukamata mbwa wazururaji, na karantini. Kwetu Afrika Mashariki hadithi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kenya, mbwa wa kwanza kuthibitika kuwa na kichaa alipatikana pembezoni mwa Nairobi mwaka 1912.

Mageuzi yalitoka Japani. Mwaka 1921, wataalamu Umeno na Doi walieleza chanjo ya mbwa ya sindano moja tu. Hapo ndipo mbwa mwenyewe akawa mlengwa. Japani ilipitisha sheria ya kudhibiti kichaa mwaka 1950, ikalazimisha mbwa wasajiliwe na wachanjwe, na kufikia 1957 ugonjwa ukawa umetoweka. Miaka saba tu!

Kwa hiyo jirani yangu ana nusu ya ukweli. Kwa kichaa, sindano moja inayochomwa kwa umri unaofaa (kwa kawaida kuanzia wiki 12), kisha kurudiwa kwa wakati, inatosha sana. Kosa lake ni kudhani kichaa ndicho kitu pekee kinachoua mbwa.

Distempa iligunduliwa kuwa ni ugonjwa wa virusi na Mfaransa Henri Carré mwaka 1905. Kama unadhani ni ya mbwa wa Wazungu, waulize simba wa Serengeti. Mwaka 1994 distempa iliua takribani theluthi moja yao, na watafiti waliwaelekezea kidole mbwa wa vijiji vya jirani. Parvo nayo ni kijana. Ilijitokeza mwaka 1978, na ndani ya miaka kama miwili ilikuwa imezunguka dunia nzima. Mtoto wa mbwa anaharisha damu, anaisha maji mwilini, na virusi vinabaki kwenye udongo wa uani kwako kwa miezi mingi, vikimsubiri atakayefuata.

Sasa kwa nini wiki 16? Jibu liko kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Mtoto wa mbwa hupewa kingamwili na mama yake. Zinamlinda, lakini pia zinaizima chanjo kabla haijafanya kazi. Zinapungua taratibu, na kila mtoto ana siku yake: mmoja wiki ya 8, mwingine ya 12, mwingine hata zaidi. Hatujui siku ya Bosi. Ndiyo maana unachoma kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki 16 au zaidi, ili angalau sindano moja ikute mlango uko wazi. Sindano hizi hazijumlishwi kama vijiko vya sukari. Anayeishia wiki ya 12 anacheza bahati nasibu.

Na ile kila mwaka? Mazoea hayo yalijengeka zama ambazo watengenezaji wengi walikuwa wamepima kinga kwa mwaka mmoja tu. Utafiti ulipoendelea ikaonekana kinga ya distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa hudumu miaka mingi. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2007, unasema mbwa mzima aliyekamilisha dozi zake asirudiwe chanjo hizo zaidi ya mara moja kila miaka mitatu. Tofauti ni leptospirosisi, ambayo kinga yake ni fupi na hurudiwa kila mwaka. Ndiyo ile homa ya mgunda tuliyoisikia Julai 2022 kutoka Lindi, wagonjwa 20, watatu wakafariki. Kimara tuna panya wa kutosha, kwa hiyo hiyo sibishani nayo.

Uamuzi wangu basi: mchanganyiko wiki ya 9, ya 12 na ya 16, nyongeza akifika wiki 26, kisha kila miaka mitatu. Kichaa wiki ya 12, halafu kila mwaka. Hiyo ya kichaa siipunguzi hata shilingi moja, maana huku kwetu virusi bado vinatembea.

Lakini historia ilinifundisha jambo la mwisho. Kuanzia 1996, vijiji vya wilaya ya Serengeti vilichanja mbwa kwa kampeni, wakafikia takribani theluthi mbili ya mbwa wote, na kichaa kikashuka sana. Lengo linalotajwa ni asilimia 70. Pemba walifanikiwa kukitokomeza kufikia 2014, kikaingia tena 2016, wakapambana upya. Maana yake mbwa wangu peke yake si ngao. Mpwa wangu anacheza na Bosi, lakini anacheza pia na mbwa wa mtaa mzima.

Nikapiga hesabu ya hela nitakayookoa kwa kutorudia mchanganyiko kila mwaka. Jumamosi nilimfuata mlinzi, tukamchukua mama yake Bosi, tukapita nyumba tano walikogawiwa ndugu zake, tukaelekea kwa bwana mifugo wa kata. Watoto walikuwa hawajafika umri, wakaandikiwa tarehe. Mama alichomwa sindano ya kwanza maishani mwake, na alikuwa na miaka minne. Jirani yangu alikuwa barazani akitutazama tukirudi. Jioni akabisha hodi akiwa na mbwa wake kwenye kamba, akauliza, "Hivi huyo bwana mifugo, Jumatatu yupo?"

Uking'atwa, wadau, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mwambieni mtoto kwamba akisema ameng'atwa, hatachapwa.

Tuonane wiki ijayo. Bosi anawasalimu.