Jembe, Baiskeli na Kompyuta: Habari za Matengenezo katika Usukuma

Mwamanyili ni kata ya Wilaya ya Busega, katika nchi ya pamba na ng'ombe iliyo karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Hadi mwaka 2012 nchi hiyo ilihesabiwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Tangu hapo imo katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Haina kiwanda cha baiskeli wala cha kompyuta. Walakini vyombo hivyo vimo, na vikiharibika mwenyewe hutafuta njia ya kuvitengeneza. Kwa nini chombo kimoja hutengenezeka kijijini, na kingine kikishindikana hutupwa? Aghalabu hujibiwa kwamba fundi wa kijijini hana elimu. Historia haikubaliani na jibu hilo.

Tuanze na jembe. Kabla ya majembe ya Ulaya kuenea, Warongo wa Uzinza, kusini-magharibi ya ziwa, waliyeyusha chuma na kufua majembe, nayo yakachukuliwa Usukuma kwa biashara. Jembe lilipochakaa halikutupwa, bali lilirudishwa motoni likawa kisu au chombo kingine. Mali ghafi, moto na maarifa vilikuwa mikononi mwa watu wasiokuwa mbali, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya neno kipuri.

Baiskeli ilikuja kwa desturi nyingine. Pamba ilileta fedha, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana katika Shirikisho la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani. Mkulima aliyeuza vizuri aliweza kununua baiskeli ya Raleigh iliyoundwa Nottingham. Hakuna mfua chuma wa kijijini aliyeweza kuunda mnyororo wake au gololi zake. Hata hivyo mafundi walitokea chini ya miti kila penye gulio, wakiwa na spana, bisibisi na debe la maji la kutafutia tundu la mpira. Waliwezaje? Kwa sababu vipande vya baiskeli vilifuata vipimo vinavyojulikana. Baadaye zilipokuja Phoenix za Shanghai, nazo zilifuata umbo lile lile la baiskeli ya Kiingereza, basi baiskeli iliyokufa iliweza kuiponya iliyo hai.

Walakini ujuzi peke yake hautoshi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, Tanzania ilipungukiwa sana na fedha za kigeni. Mafundi walikuwapo na ujuzi wao wote, lakini vipuri vilikuwa adimu. Magari yalisimama na mashine za viwanda zikanyamaza. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na polepole vipuri vikarudi madukani. Miaka ile ilionyesha wazi kwamba mkono wa fundi hufika pale tu kipuri kinapofika.

Kompyuta ilichelewa zaidi. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta. Marufuku hiyo ilipolegea na hatimaye kuondoka, mashine zilizoenea zaidi miongoni mwa walimu na wanafunzi zilikuwa kompyuta za mkononi, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Chombo hicho kilionekana kuwa fumbo. Lakini aliyethubutu kukifungua alikuta jambo ambalo fundi wa baiskeli angelitambua mara moja.

Chukua mfano wa mwalimu wa Mwamanyili aliyevunjikiwa kioo. Akiuliza kioo cha kompyuta ya jina fulani, atatajiwa bei kubwa. Akiondoa betri kwanza, kisha fremu, akageuza kioo, atakuta nyuma yake namba ya kioo chenyewe. Kwani vioo huundwa na viwanda vichache na kuuzwa kwa makampuni mengi. Kipimo cha kioo kutoka pembe hadi pembe kikilingana, kwa mfano inchi 15.6, na pini za waya zikiwa idadi ile ile, 30 au 40, na mahali pa skrubu pasipotofautiana, kioo cha mashine iliyokufa ya jina lingine huweza kufaa. Diski ya inchi 2.5 nayo huhama kutoka mashine hata mashine. Kadi ya kumbukumbu huhama pia, mradi iwe ya kizazi kile kile, kwani DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Betri iliyovimba ndiyo isiyofaa kuguswaguswa wala kutobolewa, maana huweza kuwaka.

Lakini mlango huo umeanza kufungwa. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro ambayo kumbukumbu yake imelehemiwa katika ubao na betri yake imegandishwa kwa gundi, na makampuni mengine yakafuata njia hiyo katika mashine nyembamba. Wako waliopinga: mwaka 2021 kampuni ya Framework ilitoa kompyuta ambayo mwenyewe huweza kubadili karibu kila kipande, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa baadhi ya vyombo kuvitengeneza kwa bei ya haki.

Sheria hiyo haifiki Mwamanyili, bali mashine zilizogandishwa zitafika, kwa kuwa chombo kinachochakaa Ulaya leo ndicho kitakachouzwa Mwanza kesho. Ndipo itakapoonekana kama kompyuta itafuata njia ya baiskeli, au itakuwa chombo kinachonunuliwa bila kumilikiwa. Mrongo alimiliki moto, na fundi wa baiskeli alimiliki kipimo. Aliyeuziwa kitu kisichofunguka amekopeshwa tu, ingawa amelipa bei yote.