Koti Jekundu na Kaki: Sare ya Gwaride katika Mabango ya Kuandikisha Askari

Neno sare katika Kiswahili lina maana mbili zilizo jirani: hali ya kulingana, na vazi linalowafananisha wengi. Mabango ya kuandikisha askari yaliyochapwa Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1914 yalilitumia vazi hilo kwa kusudi lililo kinyume na maana ya neno lenyewe. Yalimwahidi kijana maskini kwamba akiingia jeshini hatafanana tena na wenzake wa mtaani.

Ahadi hiyo ilikuwa na sababu. Sheria ya kuwalazimisha Waingereza kuingia jeshini haikupitishwa mpaka mwaka 1916. Kabla ya hapo jeshi lilitegemea hiari, na hiari hutaka kushawishiwa. Kwa hiyo mabango yalipambwa kwa michoro ya rangi: askari wa miguu katika koti jekundu, walinzi wa mfalme katika kofia ndefu za manyoya ya dubu, wapiga mizinga katika buluu, na Waskoti katika vazi lao la asili. Vifungo viling'aa na farasi walinenepa. Tope, njaa na jeraha havikuchorwa.

Hata hivyo, vazi lililochorwa lilikuwa limekwisha kuondoka vitani. Inasimuliwa kwamba koti jekundu lilivaliwa mapiganoni kwa mara ya mwisho huko Ginnis, Sudan, tarehe 30 Desemba 1885. Katika vita vya Makaburu vya 1899–1902 askari walivaa kaki, na mwaka 1902 kaki ikawa vazi rasmi la kazi hata nyumbani Uingereza. Jina lenyewe, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, lilipitia Bara Hindi na hatimaye likaingia katika Kiswahili. Kwa muda wa miaka 12, basi, mabango yaliendelea kumvuta kijana kwa wekundu, ilhali vita vilimngojea katika rangi ya vumbi.

Mwaka 1914 mambo yaligeuka. Vazi la gwaride liliwekwa kando, na mnamo tarehe 5 Septemba gazeti la London Opinion lilichapisha mchoro wa Alfred Leete unaomwonyesha Lord Kitchener akimnyoshea kidole mtazamaji. Nguvu ya wito ilihama kutoka kwenye vazi ikaenda kwenye kidole. Mahali pa fahari pakakaliwa na wajibu na haya.

Katika Afrika Mashariki, ambako kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, wengi wa walioandikishwa hawakujua kusoma. Hapo askari mwenyewe, katika tarabushi yake nyekundu, ndiye aliyekuwa bango litembealo. Athari yake yaonekana katika ngoma ya beni, iliyozuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Wachezaji walijitwalia sare, vyeo na mwendo wa gwaride bila kumwomba afisa yeyote ruhusa. Huko Mombasa hata chama kimoja kilijiita Scotchi, kwa kuwaiga Waskoti.

Lakini Vita Kuu ya 1914–1918 ilipofika huku, jeshi lilihitaji wapagazi kuliko askari. Hao hawakushawishiwa kwa picha. Katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wakamatwe kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa, zaidi kwa maradhi na uchovu. Kikosi chao, Carrier Corps, kimeiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Mnara uliosimamishwa Nairobi mwaka 1928 unamweka mpagazi kando ya askari, lakini hilo lilifanyika vita vilipokwisha.

Mwanahistoria anayelitazama bango la gwaride hana budi, baada ya kuuliza nani amechorwa na kwa vazi gani, kuuliza pia nani alitumikishwa bila kuhitajiwa kushawishiwa. Jeshi lilichora picha za wale tu ambao lililazimika kuwabembeleza.